Ala ya Mkono wa Shoto

Ukimwambia mtu kwamba kuna watu wazima, wenye akili zao timamu, wanaonunua visu ambavyo havitakata hata kitunguu, atakucheka. Lakini wapo. Wananunua, wanavipanga kwenye kabati la vioo, wanavifuta kwa mafuta kila mwisho wa wiki, na mgeni akinyoosha mkono kugusa wanamwambia taratibu, samahani bwana, hicho si cha kushika. Watu hao ndio waliowalisha ndugu wawili kwa miaka ishirini na sita. Mdogo alifua visu. Mkubwa alivishonea ala.

Huyu mkubwa ndiye tunayemzungumza. Jina alilopewa na wazazi limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani anaitwa Shazia, kwa ile sindano kubwa ya kushonea ngozi na magunia, kwanza kwa sababu haikosi kuchomekwa kwenye kola ya shati lake, na pili kwa sababu mwenyewe ni mrefu, mwembamba, na kichwa kidogo. Mkewe ndiye aliyelianzisha siku za uchumba. Akitokea mtu kulalamika kwamba si adabu kumwita mzee wa watu sindano, mke humjibu, "Mwache tu, angekuwa mnene tungemwita gunia."

Alianza kama fundi viatu, na angekufa fundi viatu kama si gari la mwanasheria mmoja kuchemka mbele ya karakana yao. Mdogo wake, ambaye kila mtu humwita Mhunzi, wakati huo alikuwa akifua visu vya jikoni kutokana na springi za malori mabovu. Mwanasheria akaingia kuomba maji ya rejeta, akaona kisu juu ya meza, akakishika, akasahau maji, gari na safari. Akasema anakitaka. Kisha akauliza, "Na ala yake iko wapi?"

Ndugu wakatazamana. Mhunzi, mtu ambaye hakupenda kushindwa kujibu swali, akasema, "Iko chumba cha pili, inamaliziwa." Chumba cha pili alikuwemo Shazia peke yake, anabandika soli ya kiatu cha mwanafunzi. Ala hiyo ya kwanza aliishona siku mbili bila kujua anachokifanya, ikatoka imekaa kama soksi ya mlevi. Mwanasheria akaipokea akacheka, akarudi mwezi uliofuata na mwenzake, naye mwenzake akaja na wake, na ndivyo mambo yalivyoanza. Miaka yote baadaye Shazia alimbembeleza mwanasheria arudishe ile soksi ashonewe nyingine, mwanasheria akakataa katakata.

Walifanya kazi vyumba viwili vilivyopakana, ukuta mmoja katikati, na kwenye ukuta huo tundu la ukubwa wa tofali. Kisu kikiwa tayari, Mhunzi alikifunga kitambaa chenye mafuta na kukipitisha tunduni. Maneno nayo yalipita humo humo. Walibishana siku nzima kupitia tundu hilo, habari za mpira, za serikali, za nani kati yao mama yao alimpenda zaidi, na mteja aliyeingia chumba kimoja alidhani kuna mtu anagombana na ukuta.

Sasa, ala si mfuko. Mfuko ukitoshea kisu hiki utatoshea na kile. Ala hushonwa juu ya kisu chake mwenyewe. Shazia alichagua ngozi ya ng'ombe iliyoiva kwa maji ya magome, ngumu, akailowesha kwenye beseni mpaka iache kutoa mapovu, akakivisha kisu nailoni kisije kikaota kutu, akakizamisha ndani ya ile ngozi iliyolowa, kisha akaikandamiza kwa mpini wa kijiko hadi umbo la kisu likajichora kwa nje. Baada ya hapo ni kuiacha siku mbili kivulini, bila jua wala moto. Ukiiharakisha inakunjamana na kupasuka, na huna wa kumlaumu. Ikishakauka ndipo huja msharasi wa kutobolea, uzi wa nta, na sindano mbili zinazopishana kwenye kila tundu.

Tena wengi hawajui kwamba ala ina mkono, kama kiatu kilivyo na mguu. Ya mtu wa kulia hukaa nyonga ya kulia, kitanzi cha mkanda kimeshonwa upande wake, makali yametazama mbele, na dole gumba lina mahali pake pa kusukumia kisu kianze kutoka. Mpe mtu wa shoto ala hiyo hiyo, kisu kinamtoka kinyumenyume na makali yanamgeukia tumboni. Mafundi wa pupa hushona za kulia tu na kusema shoto atazoea. Shazia alidharau mafundi hao kuliko alivyowadharau wezi. Swali lake la kwanza kwa kila mteja, hata salamu hazijaisha, lilikuwa, "Wewe wa kulia au wa shoto?" Aliwauliza hata wale ambao kisu chao kingekaa kabatini maisha yake yote. Alisema ala inamjua mtu wake.

Mwaka alipotimiza miaka hamsini na nane, Mhunzi akasema anataka kisu chake mwenyewe. Mganga hajigangi, wahenga hawakukosea: mtu kajaza makabati ya watu, kwake nyumbani anakatia nyanya kisu cha duka kilichokatika ncha. Akakifua polepole kati ya kazi na kazi, akakitia mpini wa pembe ya ng'ombe, akakisugua mpaka unajiona uso. Siku alipokimaliza alikipitisha tunduni.

"Kaka, huyu mteja ni msumbufu sana," akasema. "Mshonee vizuri."

"Msumbufu namjua," Shazia akajibu. "Nimemfundisha kuvaa suruali."

Kesho yake asubuhi Mhunzi alianguka kando ya kitanda akiwa anavaa viatu. Kiharusi. Wiki tatu alilazwa. Aliporudi nyumbani ulimi ulikuwa mzito lakini maneno yalieleweka, mguu wa kulia ulikuwa unaburuta, na mkono wa kulia, ule ulioshika nyundo miaka arobaini, haukuwa na habari na mtu.

Mkewe, shemeji yake Shazia, alimwekea kiti chenye mikono karibu na dirisha, mahali anapoona watu wakipita. Mama wa mazoezi ya viungo alikuja mara tatu kwa wiki. Alimpa mpira wa tenisi aufinye. Mhunzi akaufinya, au akafikiri anaufinya, asubuhi, mchana na jioni, jasho linamtoka, macho yameganda kwenye vidole. "Mmeona?" angesema. "Kidole cha pili kimetikisika." Hakuna aliyeona kitu. Wote walisema wameona.

Mwezi wa nne wa ugonjwa mama wa mazoezi aliwaita shemeji na Shazia koridoni na kuvuta mlango. Hakuzunguka. Mkono hautarudi, akasema. Ungekuwa wa kurudi ungeshaonyesha dalili. Mguu bado una nafasi nzuri, lakini mguu unataka moyo. "Akikata tamaa ya mkono ataacha na mguu. Na mtu kama yeye akishalala tu, kulala huko ndiko kunakomuua. Kwa hiyo mwacheni na mpira wake."

Wakakubaliana pale pale koridoni kwamba neno hilo lisimfikie. Shazia alirudi karakana akakaa juu ya kigoda chake bila kuwasha taa. Tangu siku hiyo kitu alichokuwa akikiomba kilikuwa kimoja tu: mdogo wake asikate tamaa. Hakutaka kingine.

Kila Jumapili alikwenda kumwona. Na kila Jumapili Mhunzi alimuuliza swali lile lile.

"Na ala yangu?"

"Bado."

"Fundi gani wewe, nusu mwaka ala moja? Au unangoja nife ukiuze kisu?"

"Nangoja mnunuzi mwenye pesa. Wewe una sura ya kukopa."

Mhunzi alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Lakini Jumapili ya nne au ya tano alipouliza hakucheka, na Shazia akaona kwamba mwenzake anakingojea kisu kile kwa dhati, kwamba kinamhusu kuliko mpira. Akapiga moyo konde. Jumatatu akakitoa kwenye kitambaa chake.

Na hapa ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo wewe na mimi tusingelifanya, kwa sababu sisi tungeshona chochote. Tungeshona ya kulia kama zilivyo nyingine, tukampelekea, akafurahi, basi. Shazia alikaa na kisu mkononi na mikono ikamgomea. Kushona ala ya kulia kwa mtu ambaye hana mkono wa kulia? Kwake huo ulikuwa uhuni. Halafu akapata wazo, nalo likamjia na furaha yake: mbona mkono wa shoto ni mzima? Akimshonea ya shoto, si anaweza kuivaa leo hii? Hana haja ya kungoja kitu. Atakaa pale dirishani na kisu chake kiunoni, atakichomoa, atakirudisha, atajiona mtu. Wazo likampendeza hadi akapiga mluzi, kitu ambacho karakana ile ilikuwa haijakisikia tangu ugonjwa uingie.

Mkewe alimkuta amefunga kamba kiunoni, kipande cha ngozi kinaning'inia nyonga ya kushoto, anatembea chumbani akichomoa rula.

"Unacheza nini?"

"Nampimia mdogo wangu. Ya shoto."

Mke akaitazama ile rula. "Umemuuliza?"

"Nataka nimshtukize."

"Haya," mke akasema, na akaenda kuinjika chai.

Swali alilowauliza watu wote miaka ishirini na sita, mdogo wake hakumuuliza. Moyoni alijua kwa nini. Angemuuliza, Mhunzi angejibu, "Wa kulia, kwani umenisahau?"

Ala ile aliishona kama hajawahi kushona. Aliirudia ngozi mara mbili kwa sababu ya alama ya kupe isiyoonekana na mtu. Mishono ilikwenda sawa kama mchele uliopangwa kwa mkono. Pale pa kuweka dole gumba la kushoto aliponda ngozi kidogo, kibonde laini, ili mkono usiozoea usipate taabu ya kutafuta. Kingo alizisugua kwa nta na kitambaa mpaka zikang'aa.

Jumapili akampelekea. Shemeji alikuwa anamimina chai. Mhunzi alikipokea kifurushi kwa mkono wa shoto, akakiweka mapajani, akakifungua. Alikitazama kisu chake kwanza, akatikisa kichwa kukiamkia. Kisha akaigeuza ala. Dole gumba likatembea juu ya mshono, likashuka, likazunguka nyuma, likafika kwenye kitanzi cha mkanda, likasimama.

"Hii ya shoto," akasema.

"Ndiyo. Nimeona kwa sasa, wakati tunangoja..."

"Kaka, wewe hushoni ala ya kwa sasa." Ulimi ulikuwa mzito lakini kila neno lilitoka zima. "Nakujua. Ala yako unaishona ikae miaka thelathini."

Shazia angekuwa mtu wa maneno angepata la kujibu, lakini maneno yake yote siku zote yalikuwa ya utani, na utani ulikuwa umekwisha.

"Wamekwambia lini?" Mhunzi akauliza.

"Nani kasema ameambiwa?" shemeji akaingilia, birika mkononi.

"Sikuulizi wewe. Namuuliza kaka yangu."

"Ni miezi miwili," Shazia akasema.

"Miezi miwili." Mhunzi akatazama mpira uliokuwa kwenye kiganja chake cha kulia. "Na mnanitazama nafinya." Akauchukua kwa mkono wa shoto, akauweka kwenye ukingo wa dirisha, akaomba apelekwe kitandani. Mchana ule ule, jua limejaa chumbani. Akalala amegeukia ukuta.

Shemeji alimsindikiza Shazia hadi mlangoni. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Ulimi tuliufunga, shemeji," akamwambia. "Mikono yako imesema. Usije kwanza, mpaka nikupigie."

Siku tatu zilizofuata Shazia hakugusa kazi. Mkewe alimpelekea habari alizozisikia kwa shemeji: hali chakula cha maana, mama wa mazoezi kaja karudi, mgonjwa kasema hajisikii. Shazia alisikia maneno ya koridoni yakijirudia kichwani, akishalala tu, akishalala tu. Alijiona amemchukua mdogo wake kwa mikono yake miwili na kumlaza. Alilia mbele ya mkewe, mzee mzima, sindano kwenye kola, na mkewe akaichomoa sindano isije ikamchoma na kumwacha alie.

Siku ya nne akasema atashona ya kulia.

"Utashonea nini?" mke akamuuliza. "Kisu si anacho mwenyewe?"

Ni kweli, kisu kilikuwa kwa Mhunzi, na ala bila kisu haishoniki. Kukiomba hakuthubutu. Basi akachukua kipande cha mti akaanza kuchonga kisu kile kwa kumbukumbu. Cha kwanza kilikuwa kinene mgongoni, akakitupa. Cha pili mpini ulikosa lile tumbo dogo la katikati. Cha tatu kikakubali: akifumba macho na kukishika, aliona ni chenyewe. Zaidi ya wiki ilikwenda kwa kuchonga tu. Wateja walikuja, aliwaambia wasubiri. Mwanasheria alikuja, nywele zimekuwa nyeupe, akataka kujua hali ya Mhunzi, akajibiwa, "Anaendelea," akaangalia vile visu vya mti juu ya meza akaondoka bila kuuliza swali la pili. Ana akili, yule mtu.

Mpango wa Shazia ulikuwa huu: ataingia na ala ya kulia mkononi, atasema, mdogo wangu, niliteleza, nilikuwa na haraka, mama wa mazoezi amesema bado kuna nafasi, hii ndiyo yako. Uongo mtupu. Lakini aliuona ni uongo wenye mishono mizuri, na mdogo wake alikuwa akiiamini mishono yake kuliko maneno yake.

Ngozi ilikuwa imeshaloweshwa na kukandamizwa, ipo kivulini juu ya kisu cha mti, siku yake ya kwanza ya kukauka, simu ilipolia. Shemeji.

"Shemeji, ndugu yako anakuita. Anasema ni habari za ala."

"Anasemaje?"

"Anasema uje. Uje na msharasi wako na uzi."

Msharasi na uzi. Shazia akaelewa, au akadhani ameelewa: anaitwa akaifumue ala ile mbele ya macho ya mwenyewe. Hakumlaumu. Angekuwa yeye angetaka hivyo hivyo. Lakini kwenda mikono mitupu, akae pale afumue mshono baada ya mshono, mwenzake anamtazama, bila kuwa na kitu kingine cha kumpa? Hapana. Heri aende na ile ya kulia, imekamilika, amtangulie kabla hajasema.

"Mwambie nakuja keshokutwa," akasema.

"Keshokutwa? Anakungoja, shemeji. Huwezi hata jioni?"

"Keshokutwa nitakuja na kitu cha maana. Mwambie avumilie."

Akasikia shemeji anarudia maneno hayo kwa mtu wa chumbani, na sauti nzito ya mdogo wake ikijibu kitu, kisha shemeji akasema, "Anasema sawa, ila usimcheleweshee kama ulivyozoea." Shazia aliyasikia maneno hayo kama ya mtu mwenye hasira. Hakuyasikia vinginevyo.

Kesho yake alishinda akiitazama ngozi. Alitamani kuiweka karibu na jiko, akajizuia. Siku ya pili alfajiri ilikuwa imekauka. Akatoboa, akashona, na saa nne asubuhi alikuwa anasugua kingo kwa nta, shati safi limetundikwa msumarini, simu ikalia tena. Alikuwa shemeji, lakini hakuweza kusema, na simu ikachukuliwa na mtu mwingine, jirani, akasema ni kiharusi kingine. Kimempata akiwa amekaa kwenye kiti, kabla ya chai. Hakuteseka, jirani akasema. Shazia akauliza, "Kwenye kiti?" kwa sababu kwa alivyojua mdogo wake alikuwa kitandani, hainuki.

Walimzika. Ya siku hizo sina haja ya kuyasimulia, kila mtu kazika wake na anajua. Shazia alifanya yaliyotakiwa, akasalimia watu, akanyoosha viti. Alimwepa shemeji yake, na alikuwa na hakika shemeji naye anamwepa.

Wiki mbili baadaye shemeji alikuja karakana mwenyewe. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa kifurushi kwenye mkoba, akakiweka juu ya meza.

"Hivi ni vyako sasa," akasema. "Alisema kama ni mtu wa kupewa, ni wewe."

Shazia hakukigusa. "Alikuwa amenikasirikia, shemeji. Niambie tu. Mpaka mwisho."

Shemeji akamtazama kama hakuelewa. "Kukukasirikia? Siku tatu, ndiyo. Ya nne akaniambia nimletee mkanda."

"Mkanda wa nini?"

"Fungua uone. Wewe si ndiye mwenye kazi yako."

Akafungua. Ukimpa mtu mwingine ala ile angesema ni mpya. Shazia aliipeleka dirishani, na fundi akishika kazi yake mwenyewe huisoma kama barua. Mdomoni, pale kisu kinapoingilia, ngozi ilikuwa na vichanjo. Vya kwanza vilikuwa virefu, vimekwenda mshazari, vya mkono usiojua unalenga wapi. Juu yake vingine vifupi zaidi. Kisha vidogo sana, vya kugusa tu. Kisha ngozi ya pale pa kati ilikuwa imelainika na kung'aa, kwa kisu kilichoingia na kutoka bila kukwaruza kitu, mara nyingi mno. Na kile kibonde alichokiponda kwa ajili ya dole gumba kilikuwa cheusi kwa jasho.

"Alikuwa anafanya asubuhi mpaka jioni," shemeji akasema. "Anachomoa, anarudisha. Alijikata mara mbili, akanikataza nisiseme. Mama wa mazoezi akaja, akamwambia haya twende na mguu. Akasimama, shemeji. Wiki ile ya mwisho alishika kabati akasimama, kisu kiunoni. Akaniambia, kaka akija nitamsimamia nimchomolee, aone."

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza. Alitaka akuonyeshe mwenyewe. Ndiyo maana nilikwambia njoo jioni." Akaukunja mkoba mapajani. "Ningesema tu. Kila siku najiambia ningesema tu."

Shazia aliketi. Alitaka kumwambia shemeji kwamba si kosa lake, akabaki anasugua kile kibonde kwa dole gumba. Siku zile zote alizokaa humu akichonga kisu cha mti na kushona uongo, mwenzake alikuwa ameshaukubali ukweli, ameshaufunga kiunoni, anaufanyia mazoezi, anamngoja. Alikuwa amesamehewa muda wote huo na hakwenda kuchukua.

"Na msharasi?" akauliza mwishowe. "Alisema nije na msharasi na uzi. Alitaka niifumue."

"Uifumue kwa nini? Geuza nyuma."

Akaigeuza. Kwenye kitanzi kulikuwa na mstari wa penseli, umepinda, wa mkono uliokuwa unajifunza hata kuchora mstari, kidole kimoja juu ya mshono.

"Akikaa, mpini ulikuwa unagonga mkono wa kiti," shemeji akasema. "Akasema kaka akija, aishushe kidole kimoja, itakuwa sawa kabisa."

Shazia akavuta kigoda. Akafumua kitanzi kwa uangalifu, akakipandisha kwenye mstari wa penseli ili ala ishuke, akatoboa matundu mapya, akapaka uzi nta, akashona, sindano mbili zikipishana, machozi yanaanguka juu ya ngozi na yeye anayafuta kwa kiganja yasiache doa. Shemeji alimngoja kwenye benchi. Alipokata uzi akainua macho kwenye saa ya ukutani. Kazi yote ilikuwa ya nusu saa.